Aliyeshika Kamba

Kalenga, Iringa
8 Desemba 2024

Kwako binamu Sedekia,

Kamwene. Nakusalimu wewe, wifi Damari na watoto, na hizo kakao zenu pia, maana nasikia siku hizi mnazitazama kuliko watu. Sisi tunaendelea. Mvua imeanza vizuri, mahindi ya bondeni yameshatoka, na mimi nimefunika cherehani yangu kule Mlandege nikarudi hapa Kalenga kumwangalia mama. Miguu yake imevimba tena. Anakula kidogo, anaongea kidogo.

Usishangae kuona barua wakati sote tuna simu. Simu yako inaita mpaka inakata, na ile siku moja ulipopokea ulisema husikii, mtandao mbaya, wakati mimi namsikia jogoo wako anawika. Kwa hiyo nimeandika. Barua nampa kondakta wa basi la Kyela pale Ipogolo, na sura yake nimeshaikariri.

Sasa shida yenyewe. Hukuja kumzika kaka yangu, ulisema una malaria, basi nikusimulie. Jeneza lilipofika kutoka kwenu Matema, baba mdogo Timotheo na wanaume wengine waliingia kumwosha Jofrey. Wakakuta kiunoni ana alama ya kamba imezunguka mwili mzima. Kamba yenyewe ilikuwa ndani ya mfuko wa nguo zake, bado ina mafundo mawili. Habari ikatoka chumbani kabla ya maiti. Mtu kaondoka kwao na hasira, kakutwa majini na kamba mwilini. Unajua watani wanavyotusema Wahehe kwa habari ya kamba, kwamba tukikasirika tunajinyonga. Safari hii hatukuwangoja watani, tulijisema wenyewe.

Wazee wa kanisa walikaa muda wa kunywa chai tu. Wakakumbuka maneno aliyosema Oktoba, siku wakwe zake walipokuja kumchukua mkewe, Happy: "Nakwenda mahali hamtanisikia tena." Wakasema basi, alikwenda ziwani kujimaliza. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya, hakuna kengele. Tulimzika pembeni kabisa ya shamba, mbali na baba, na Timotheo akaomba peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni Mzee Kalinga, mwenyekiti wao. Huyu ndiye anayependa kuwasindikiza wageni makumbusho kuona fuvu la Chifu, na anawasimulia kifua mbele jinsi Mkwawa alivyojipiga risasi asikamatwe na Wajerumani. Kwa Chifu ni ushujaa. Kwa Jofrey ni dhambi, tena dhambi ambayo hawana hakika nayo. Nilimwambia hivyo usoni. Alisema nina uchungu, nikapumzike.

Mama naye amesema hatakwenda tena kwenye Meza ya Bwana mpaka kengele ipigwe kwa ajili ya mwanawe. Kengele yetu unaikumbuka, ile rimu ya lori inayoning'inia mbele ya kanisa, inayogongwa kwa nondo. Kutoka kitandani kwake inasikika vizuri. Anasema anataka kuisikia kabla hajafa, na mimi nikitazama ile miguu sioni kama tuna muda mwingi.

Wazee wamekubali jambo moja. Wakipata maandishi ya mtu aliyekuwa na Jofrey siku ile, yenye jina na sahihi, watafanya ibada, watapiga kengele na kuweka msalaba. Simu hawataki, wanataka maandishi. Mtu huyo ni wewe. Mlikwenda wawili kujaribu vile vifaa vyake vipya vya kuvulia. Polisi uliwaambia ulimwacha mchangani ukaenda kuchukua chai, uliporudi hayupo. Sawa. Ila niandikie, ile kamba alifungwa na nani, na ncha yake ya pili ilikuwa wapi? Halafu baba mdogo anasema kiganja cha mkono wa kulia kilikuwa na tundu lililochanika. Hilo nalo sielewi.

Mama anakusalimu sana. Anakuita bado "mtoto wangu wa Matema".

Ni mimi dada yako,
Matilda


Matema, Kyela
5 Januari 2025

Kwako dada yangu mpendwa Matilda,

Ndaga fijo kwa barua yako. Heri ya mwaka mpya kwako, kwa shangazi Rozalia, kwa baba mdogo Timotheo na wote wa hapo. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Damari anakusalimu. Mtoto wa kwanza amefaulu kuingia kidato cha kwanza, wa pili meno yanamsumbua. Kakao mwaka huu zimepata ugonjwa, matunda yanakuwa meusi kabla hayajaiva. Maembe yalikuwa mengi. Mto Lufilyo umejaa mpaka umekula shamba la jirani.

Dada, mimi Jofrey nampenda, na nitaendelea kumpenda. Shangazi alinilea pamoja naye tangu darasa la tatu mpaka la saba. Unakumbuka tulivyokuwa tunavua pale Ruaha Mdogo, tunafunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu halafu tunalala? Ulikuja siku moja ukauvuta ule mshipi, Jofrey akaamka anakimbia na kidole chake.

Alipofika kwangu Novemba alibeba mfuko mrefu mweusi, watoto wakadhani ni bunduki. Ndani kulikuwa na ile fimbo ya kuvulia, ya vipande vitatu, ikiungwa inamzidi mtu mara mbili. Na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Alikuwa amejifunza yote kwenye video za simu. Alisema watu wa baharini wanasimama mchangani pakavu, wanarusha ndoano ng'ambo ya mawimbi, hawalowani hata kiatu. Tulijaribu kurusha hapa uani siku mbili. Tulinasa kanga ya Damari, tukanasa mkakao, mshipi ukajisokota mpaka tukaufungua kwa sindano. Tulicheka sana.

Alikuwa ananifundisha. Alisema, "Samaki mkubwa usimlazimishe, Seda. Mlegezee mshipi akimbie, achoke, ndipo umlete." Tulikuwa tunawangoja mbasa wa kwanza, wale samaki wakubwa wanaokusanyika kwenye mlango wa mto mvua zikianza, kabla hawajapanda juu. Alikuwa na furaha kama mtoto.

Fimbo ilipotelea ziwani pamoja naye. Nasikitika sana kwa hilo.

Kuhusu kamba, dada, mimi sijui. Nilikuwa nimekwenda kuchukua chai kama nilivyosema. Nitajaribu kuandika hayo maandishi nikipata utulivu. Nipe muda.

Msalimie shangazi. Mwambie nipo.

Mimi ndugu yako,
Sedekia


Kalenga
19 Januari 2025

Binamu Sedekia,

Kamwene. Kumbe barua inaweza kutoka Matema ikafika Kalenga kwa siku tatu mtu akitaka. Hongera kwa mtoto kufaulu. Poleni na kakao. Hapa ulanzi umeanza kutoka na walevi wetu wamefufuka, ndiyo habari njema pekee niliyo nayo. Mama sasa anashindwa kufika chooni peke yake.

Nimeisoma barua yako mara nne. Nilicheka pale pa kanga ya Damari, halafu nikalia, halafu nikakasirika. Umenijibu yote ambayo sikukuuliza. Meno ya mtoto nimeyajua, maembe nimeyajua. Kamba unasema hujui. Kiganja umekiruka kabisa, hukusema hata kwamba umesahau. Wewe siyo mtu wa kusahau, binamu. Darasa la sita ulikuwa unanikumbusha hesabu zangu mwenyewe.

Nilimsomea mama yale ya kidole gumba. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu Novemba. Akasema, "Sedekia ataandika. Mwoga yule, lakini mwongo hapana."

Sitaki uandike kitabu. Andika alivyokuwa asubuhi ile, alikuwa na hali gani, kamba ilitoka wapi. Kama alijifunga mwenyewe, ingawa ni kaka yangu, andika hivyohivyo, nitalibeba. Nisiloweza kulibeba ni hili la kutojua, na mama kila Jumapili anageuza uso ukutani kengele inapolia kwa ajili ya watu wengine.

Nasubiri.

Matilda


Matema
23 Februari 2025

Dada Matilda,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa na msiba upande wa Damari, halafu daraja likakatika.

Nimetuma na kondakta gunia dogo la mchele kwa ajili ya shangazi. Ni wa mavuno ya mwaka jana, unanukia vizuri. Na maandishi nimeandika kama ulivyotaka, yapo hapa chini. Naomba Mungu yasaidie.

*Mimi Sedekia, mkazi wa Matema, nathibitisha kwamba marehemu Jofrey alikuwa ndugu yangu na mtu mwema, mcha Mungu, asiye na ugomvi na mtu. Alikufa maji katika Ziwa Nyasa mwezi Novemba 2024. Yaliyotokea anayajua Mungu peke yake. Naomba kanisa limwombee.*

Nimeweka sahihi na mwenyekiti wa kijiji amegonga muhuri.

Msinichoke.
Sedekia


Kalenga
16 Machi 2025

Sedekia,

Salamu zimo humu ndani, zitafute mwenyewe, leo sina nguvu ya kuzipanga.

Maandishi yako niliyapeleka. Mzee Kalinga aliyasoma kwa sauti mbele ya wazee wote, akafika pale "yaliyotokea anayajua Mungu peke yake", akaikunja karatasi taratibu akanirudishia. Alisema, "Mama, hata huyu aliyekuwa naye anashindwa kusema hakujiua. Sisi tutasemaje?" Nilikuwa na gauni la mteja mkononi na sindano zake, na nakwambia kweli, nilitamani kumchoma. Lakini alikuwa na haki. Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji umeuweka chini ya karatasi isiyosema kitu.

Mchele upo pale mlangoni. Mama hajauonja. Alisema, "Usipike, huo siyo mchele, ni kilio cha mtu." Hajui kusoma barua lakini mchele ameusoma.

Sasa nisikilize. Wiki mbili zilizopita kwaya ya mjini ilikwenda huko kwenu kuimba, na Gloria alikuwemo. Ndiye tunayeshona naye chumba kimoja pale Mlandege. Nilimpa salamu zako, akafika kwako, ulikuwa shambani. Damari alimkaribisha chai. Gloria anasema juu ya ukuta wa sebuleni, karibu na dari, kuna kitu kirefu kimefungwa kanga, na upande mmoja kanga imeteleza. Aliona fimbo nyeusi yenye pete ndogondogo na rili yake, inang'aa, imepakwa mafuta. Damari akamwambia, "Ya marehemu hiyo. Baba watoto anaisafisha kila Jumamosi, sisi hatuigusi."

Uliniandikia kwamba ilipotelea ziwani pamoja naye.

Tangu Gloria aniambie silali. Nafumba macho nakuona umesimama mchangani na hiyo fimbo. Kama fimbo ipo, basi ulikuwepo. Kama ulikuwepo, hapakuwa na chai yoyote. Ulifanya nini, Sedekia? Mlipigana? Ulimsukuma? Mimi sasa nafikiri mambo ambayo nikiyasema kwa sauti sitaweza kuyarudisha mdomoni.

Mganga wa zahanati amesema maji yamepanda mpaka kwenye mapafu ya mama. Hakusema siku ngapi. Nilimuuliza kama atafika Juni, akaniuliza kama tuna ndugu wa mbali wa kuwaita.

Wewe ndiye ndugu wa mbali. Sikuiti uje. Nataka karatasi yenye ukweli, na niipate angali anasikia.

Matilda


Matema
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Dada Matilda,

Leo salamu naziacha. Nikianza kusalimu nitajificha humo tena.

Malaria sikuwa nayo. Chai sikwenda kuchukua. Ncha ya pili uliyoniuliza ilikuwa mkononi mwangu.

Asubuhi ile tulifika mlango wa Lufilyo jua limeshachomoza. Mawimbi yalikuwa makubwa, upepo ulishuka kutoka milimani. Maji ya mto yalikuwa ya udongo, na mbele kidogo unaona mstari yanapokutana na maji safi ya ziwa. Mbasa wanakaa kwenye huo mstari. Jofrey alirusha mara nyingi, ndoano ikawa inaangukia miguuni petu. Basi akasema, "Tufanye ya kwetu. Nitaipeleka kwa miguu." Tulicheka wenyewe. Fimbo imetengenezwa ili mtu asiingie majini, na sisi tunaingia majini kuipelekea ndoano.

Watu wa huku wakiingia kutega nyavu mawimbi yakiwa mabaya hujifunga kamba kiunoni, na mmoja anabaki mchangani ameshika. Anayeshika hana kazi nyingine. Wanasema hata kikohozi kikija, kohoa umeshika. Jofrey hakujua kuogelea, unajua. Nilimfunga mimi kwa mikono yangu, mafundo mawili, nikayavuta kuyajaribu. Tuliichomeka fimbo ndani ya mwanzi tuliousimika mchangani. Akaingia na ndoano na chambo mkononi, mshipi unafunguka nyuma yake. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Alikuwa anapiga kelele za utani kila wimbi likimpiga.

Halafu fimbo ikapinda. Ilipinda mpaka ncha ikagusa maji, mwanzi ukaanza kung'oka. Dada, nilidhani ameshaidondosha ndoano na mbasa ameshika. Niliona fimbo inakwenda, kitu ambacho Jofrey alikipenda kuliko vyote, na sisi hata siku moja hatujaitumia. Niliachia kamba nikairukia fimbo.

Sikutazama maji. Nilitazama fimbo. Ilikuwa nzito, inavuta, inatikisika, na mimi napiga kelele, "Jofi, tumempata! Mkubwa!" Nikasikia nguvu yake imezidi, nikakumbuka alivyonifundisha. Usimlazimishe. Nikailegeza rili. Nikamwachia mshipi akimbie, achoke. Nikawa nasimama pale nacheka, nangoja achoke.

Alichoka. Uzito ukaisha. Nikakunja mshipi wote, ndoano ikaja tupu, imenyooka kidogo. Nikainua kichwa nimwambie Jofrey tumemkosa. Hakuwepo. Kamba nayo haikuwepo mchangani.

Niliwaambia polisi habari ya chai kwa sababu niliona aibu kusema nilishika kamba ya mtu nikaiachia kwa ajili ya samaki. Mpaka Desemba hiyo ndiyo aibu niliyokuwa nayo. Kisha ukaandika habari ya kiganja. Nilisoma hapohapo barabarani, kondakta bado anahesabu mizigo. Nilikwenda nyuma ya kakao nikatapika. Hapakuwa na samaki, dada. Mchanga wa pale mlangoni hukatika ghafla chini ya mguu, alizama, ndoano ikamwingia kiganjani. Alikuwa ameshikwa upande huu na mshipi na upande huu na kamba, na pande zote mbili nilikuwa mimi. Ingekuwa mshipi wetu wa zamani wa mkono ningevuta tu, mkono juu ya mkono, na ningemleta mchangani. Ni ile rili. Ni mimi na ile rili.

Sasa haya ni ya wazee wa kanisa. Jofrey hakujiua. Njiani asubuhi ile aliniambia mbasa wa kwanza atamkausha kwa moshi, ampelekee baba yake Happy, apige magoti aombe mke wake arudi. Alikuwa ameshachagua maneno ya kusema. Mtu anayekwenda kufa hapangi samaki wa kumpelekea mkwe. Wasomeeni yote, pamoja na jina langu.

Fimbo siwezi kuiuza wala kuichoma. Damari hajui. Nikimaliza barua hii nitamwambia.

Sedekia


Kalenga
11 Mei 2025

Sedekia,

Kamwene. Nimeanza na salamu kwa sababu mama alinilea hivyo, na yeye ameondoka. Alifariki Jumatano tarehe 30 Aprili, mchana, nikiwa nimemshika. Tulimzika Ijumaa. Barua yako ilinifikia Jumamosi, nguo za msiba bado zinanuka moshi.

Umeiandika Jumatatu ya Pasaka. Kondakta anasema ulimpa Alhamisi tarehe mosi. Kamba uliiachia mara moja, barua ukaishika siku kumi. Nimelisema hilo mara hii moja, sitalirudia.

Lakini kuna jambo ni lazima ulijue, kwa sababu linakuhusu na hakuna mwingine wa kukwambia.

Jumanne asubuhi mama alikuwa anapumua kwa shida sana. Aliniuliza, "Barua ya Sedekia haijaja?" Kila siku nilikuwa namjibu bado. Siku ile nikasema, "Imekuja, mama." Nikachukua kwenye mkoba wangu daftari la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa wa kiuno cha mke wa mwalimu, nikakaa kitandani kwake nikasoma. Nilisoma barua ambayo hukuiandika. Humo ulimfunga Jofrey kamba kwa usalama wake. Humo wimbi kubwa lilikuja, na wewe ukashika. Ukashika mpaka kamba ikakuchuna ngozi ya mikono, ukaburuzwa mpaka majini, ukashika tu, mpaka ikakuponyoka na damu. Sijui niliyatoa wapi. Nadhani ndiyo niliyotamani yawe yametokea.

Mama akasema, "Soma tena hapo pa mikono." Nikasoma tena. Sikuweza kukumbuka nilivyosema mara ya kwanza, nikabadilisha maneno, hakugundua. Alikulilia wewe, Sedekia. Kumlilia Jofrey alikuwa ameshamaliza. Alisema, "Masikini, mtoto wa kaka yangu. Na alikuwa anaona aibu kusema."

Halafu akauliza kama wazee wamesikia. Nikasema wamesikia, na kengele wanapiga sasa hivi. Nikatoka. Nilivuka barabara na kanga moja, nikachukua nondo, nikaigonga ile rimu, pigo moja moja kama la msiba. Mzee Kalinga alikuja mbio, vifungo vya shati havijafungwa, akasema, "Matilda, we! Nani kafa? Nani kakuruhusu?" Sikuacha. Alinishika mkono, nikagonga kwa mkono mwingine. Nadhani aliona uso wangu, maana aliniachia akasimama kando mpaka nikamaliza. Niliporudi ndani mama alikuwa amegeuka, hakutazama ukuta tena. Alikuwa ametazama dirishani.

Barua yako ya kweli niliisoma mbele ya wazee Jumapili iliyofuata. Sikuruka hata neno. Nilipofika pale pa kulegeza rili ili achoke, Mzee Kalinga akainua mkono akasema, "Basi, mama, inatosha," nikamwambia haitoshi, nikamaliza. Baada ya hapo alitoka mwenyewe akaipiga kengele kwa ajili ya Jofrey. Kisha akaja kukaa chini, kwenye mkeka, mbele ya baba mdogo Timotheo, akaomba radhi. Niliyemtaka aisikie kengele ile hakuwepo. Aliisikia ile ya uongo tu, niliyopiga mimi.

Jumamosi tarehe 14 Juni tunaweka misalaba miwili. Jofrey amehamishiwa kando ya baba, na mama yupo upande wa pili. Happy amesema atakuja. Sijakusamehe, na sijui kama siku hiyo nitakupa mkono. Fimbo usiilete. Lakini uje. Kwenye kaburi la Jofrey sema lolote ulilo nalo, hata ulie siku nzima. Kwenye kaburi la mama usiseme kitu. Pale wewe hukuachia kamba, na nataka pabaki hivyo.

Pamoja na barua hii kondakta atakupa chupa ndogo imefungwa gazeti. Ni mafuta ya nyonyo ya mama mwenyewe, yale aliyokuwa anatupaka tukichubuka. Jumanne ile jioni aliniagiza nikutumie. Alisema upake mikono asubuhi na jioni, na usiiloweke majini mpaka ipone.

Matilda